TAA ZA BETRI KATIKA TRELA YA GENGI

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Jumamosi, baada ya mkutano wa mwezi. Katibu ameomba yapigwe chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kazini njiani siku hiyo.)



Mkutano uliopita uliamua kwamba trela ya kulala ya gengi itiwe taa za betri, na mafuta ya taa yatoke humo kabisa. Fedha zimechangwa, vyombo karibu vyote vimenunuliwa, nami nimeombwa kueleza jinsi kazi itakavyofanywa. Nilikubali, lakini nilimwambia Bwana Katibu kwamba sitaanza na vyombo. Nitaanza na moto.

Baadhi yenu mnaijua habari hiyo. Wengine mmeisikia imekwisha kutiwa chumvi. Heri niiseme mwenyewe, maana mkono uliofanya kosa ni huu wangu.

Miaka kadhaa iliyopita gengi letu lilikuwa likifanya kazi kati ya Mtito Andei na Voi, na tulikuwa tukilala katika trela ya mabati yenye vitanda sita. Mimi ndimi niliyetia taa. Nilichukua betri ya gari iliyotumika, nikavuta waya nyuma ya mbao za ukutani, nikaweka taa tatu na fyuzi moja. Ziliwaka vizuri, na watu wakaanza kuniita fundi. Lakini kila trela ilipovutwa katika barabara mbaya, fyuzi iliungua. Nikatia ya pili. Ikaungua. Nikatia ya tatu. Usiku mmoja tulifika kambini, giza tupu, fyuzi imeungua tena na sina nyingine. Basi nikachukua karatasi ile ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nikaizungushia fyuzi iliyokufa, nikairudisha mahali pake. Taa zikawaka. Wenzangu wakashangilia, nami nikalala na fahari yangu.

Hakuna aliyeuliza kwa nini fyuzi inakufa. Hata mimi sikuuliza, nami ndimi niliyeitwa fundi.

Sababu ilikuwa hii. Karibu na mlango waya ulipita katika tundu la bati, na tundu lile sikulitia mpira. Kila trela ilipotikisika, ukingo wa bati ulikuwa ukila ngozi ya waya, kidogo kidogo, kama panya alavyo gunia. Fyuzi ilikuwa ikituambia, nasi tukaiziba mdomo kwa karatasi ya sigara. Saa tisa za usiku tuliamshwa na harufu ya mpira unaoungua. Waya wote, kutoka kwenye betri mpaka mlangoni, ulikuwa mwekundu kama kaa la moto nyuma ya mbao, na godoro moja lilikwisha kushika moto. Mwenzetu mmoja aliukamata waya kwa mkono mtupu akaung'oa kwenye betri. Kiganja chake kina alama mpaka leo. Yuko hapa nasi, naye amenipa ruhusa kusema.

Hakuna aliyekufa. Vitanda vinne viliungua, mablanketi, nguo, na fedha za likizo za mtu mmoja zilizokuwa chini ya mto. Asubuhi tuliandika taarifa kwamba chanzo cha moto hakijulikani. Niliitia sahihi yangu. Nilikuwa nakijua.

Wiki iliyopita, kabla ya kusimama mbele yenu, nilimwendea yule mwenzangu nikamwambia habari ya karatasi. Akanijibu kwamba aliijua tangu usiku ule ule, maana aliiona ikimetameta kwenye fyuzi usiku ule. Miaka yote hiyo hakusema neno. Sasa mnajua kwa nini sikutaka kuanza na bei ya taa.

Ndugu zangu, watu huidharau stima ya volti 12 kwa sababu haimpigi mtu. Ni kweli. Mtu mwenye mikono mikavu anaweza kushika ncha zote mbili za betri, wala asisikie kitu. Stima ya nyumbani ya volti 240 huua, kwa hiyo watu huiheshimu. Lakini kinachopasha waya moto ni wingi wa stima inayopita ndani yake, nao hupimwa kwa ampea. Tufikirie tangi la maji la stesheni za zamani. Volti ni kama urefu wa tangi, na ampea ni kama wingi wa maji yanayopita katika bomba. Tangi la betri ni fupi, halikurushii maji usoni. Lakini bomba lake ni pana mno. Betri ya gari ikiunganishwa ncha kwa ncha, bila taa katikati, humwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Spana ikianguka juu ya ncha mbili inaweza kuunganika nazo kama imechomelewa. Pete ya kidoleni ikigusa spana na chuma huwa nyekundu kabla hujapata nafasi ya kuivua. Kwa hiyo siku ya kazi kila mtu atavua pete na saa ya mkono. Waliooa wawaambie mama watoto mapema, wasije wakauliza jioni pete iko wapi.

Tena, sisi watu wa reli tusijifanye wageni wa jambo hili. Mwezi wa Oktoba mwaka 1881, huko Uingereza, behewa moja la Pullman katika reli ya London na Brighton lilitiwa taa za stima zilizowaka kwa betri. Baadaye dainamo ikafungwa chini ya behewa, ikazungushwa na ekseli kwa mkanda. Treni ikienda, dainamo huijaza betri. Treni ikisimama stesheni, betri ndiyo huwasha taa. Mabehewa mengi ya reli zilizofuata desturi ya Kiingereza yalitumia volti 24 kwa njia hiyo. Lakini makampuni mengi yaliendelea na gesi, kwa kuwa gesi ilikuwa rahisi kwa bei na vyombo vyake vilikwisha kununuliwa. Mwaka 1910 ilitokea ajali ya Hawes Junction, mabehewa yakaungua kwa gesi, na mkaguzi akashauri taa za stima. Ushauri ukaandikwa. Tarehe 22 Mei 1915, mahali paitwapo Quintinshill, karibu na Gretna kule Uskoti, treni ya askari ikagonga treni iliyosimama, kisha treni nyingine ikaja ikazigonga. Kosa la kwanza lilikuwa la watu wa signali. Lakini mabehewa ya askari yalikuwa ya mbao, ya zamani, yenye mitungi ya gesi ya taa, nayo yakawaka. Walikufa watu zaidi ya 200, na wengi wao moto ndio uliowamaliza. Mtu asiniambie kwamba taa ni jambo dogo.

Sasa tuje kwenye trela yetu. Anayetaka kufuata achukue penseli.

Usianze kwa kununua, anza kwa kuhesabu. Tutakuwa na taa nne za LED za wati 5 kila moja. Taa hiyo moja hutoa mwanga karibu sawa na globu ya kizamani ya gari ya wati 21, na ndiyo sababu mambo yamekuwa rahisi siku hizi. Zikiwaka zote kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano za usiku, ni saa 5. Taa 4, mara wati 5, mara saa 5, ni 100. Hesabu hii huitwa wati-saa. Simu sita, kila moja tuihesabie wati-saa 15 kwa siku, ni 90. Redio ya wati 5 kwa saa 4 ni 20. Jumla 210. Ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea-saa 17 na nusu. Tuseme 18 kwa siku.

Jua laweza kukosekana siku mbili. Basi twahitaji 36. Lakini betri ya risasi na tindikali haipendi kunywewa mpaka mwisho. Mtu akiimaliza kila siku, itakufa mapema sana. Tuitumie mpaka nusu tu. Kwa hiyo mara mbili ya 36 ni 72. Tumenunua ya ampea-saa 100, kwa kuwa betri huzeeka kama mtu, na ya mwaka wa tatu haibebi mzigo wa mwaka wa kwanza. Tena si betri ya kuwashia gari. Ile ina mabamba membamba, imefanywa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi na kujazwa mara moja. Tuliyonunua ni ya sola, yenye mabamba mazito, ya kutumiwa polepole. Bei yake ilimfanya Bwana Mweka Hazina avue miwani aifute, avae, atazame tena. Lakini ni bei ya haki.

Paneli ya sola ni ya wati 100. Siku mbaya tuihesabie saa 4 za jua kamili. Hiyo ni 400. Toa theluthi moja na zaidi kidogo kwa ajili ya joto, vumbi, na kinachopotea ndani ya betri yenyewe. Hubaki kama 260, nasi tunatumia 210. Inatosha, lakini si kwa kutupa. Upande wa Voi tutacheka. Upande wa Limuru mwezi wa Julai, jua linapojificha kama mdaiwa, itabidi redio inyamaze mapema. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Tangu miaka ya 1980 wakulima na walimu wa sehemu za Mlima Kenya walikuwa wakiweka paneli juu ya bati na betri ya volti 12 ndani ya nyumba, kwa taa na televisheni ndogo. Walijifunza kwa hasara ya betri nyingi, nasi tufaidike na hasara hiyo bila kuirudia.

Kati ya paneli na betri kuna kikasha kiitwacho kontrola. Kazi yake ni kuizuia paneli isiijaze betri kupita kiasi, na kuzikata taa betri ikishuka mno. Katika kuunga, betri huungwa kwanza kwenye kontrola, kisha paneli. Katika kufungua, paneli hutoka kwanza. Kontrola ikikata taa saa nne za usiku, asitokee hodari wa kuunga waya moja kwa moja kwenye betri ili apite pembeni. Ni karatasi ya sigara ile ile kwa sura nyingine.

Kila jioni msimamizi wa kambi atasoma mita kabla taa hazijawashwa na paneli ikiwa haipokei jua. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2 imefika karibu nusu. Ikifika 11.8 imekwisha, hata kama taa bado zinawaka.

Mahali pa betri. Haitalala pamoja nasi. Betri inapojaa hutoa gesi ya haidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, na ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha. Tumechonga sanduku litakalofungwa nje, kwenye mkono wa kuvutia trela, lenye matundu ya hewa chini na juu, kwa maana gesi hiyo ni nyepesi na hupanda. Betri itafungwa kwa mkanda, isirukeruke njiani, na sanduku litiwe kufuli, kwa sababu betri isiyofungwa huota miguu usiku. Maji yake yakipungua huongezwa maji safi ya betri yanayouzwa dukani, si ya mto wala ya bomba. Anayetazama maji atumie tochi. Asiwashe kibiriti, wala asiiname na sigara mdomoni. Tindikali ikimrukia mtu, maji mengi mara moja, na kama ni jichoni aoshwe robo saa nzima akipelekwa hospitali.

Nakuja kwenye waya, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mafundi wengi wa stima ya nyumbani hukosea. Wati 60 nyumbani, kwa volti 240, hula robo ya ampea. Wati 60 zile zile kwa volti 12 hula ampea 5. Ni mara 20. Kwa hiyo waya mwembamba unaofaa nyumbani haufai hapa. Waya wa shaba wa milimita mraba 1, ukienda mita 6 na kurudi mita 6, ukipitisha ampea 5, hupoteza njiani karibu volti 1. Nyumbani volti 1 katika 240 haionekani. Katika trela ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mali yako yote, imegeuka joto ndani ya ukuta. Waya wa milimita mraba 2.5 hupoteza chini ya nusu volti. Basi tutatumia 6 kutoka kwenye betri mpaka sanduku la fyuzi, 2.5 kwa matundu ya kuchaji simu, na 1.5 kwa taa.

Waya utakwenda na kurudi, wa rangi nyekundu na wa rangi nyeusi, kwa kila taa. Wengine huokoa fedha kwa kutumia chuma cha trela badala ya waya wa kurudi. Katika trela ya kazi bolti hulegea na kutu huingia, na kila kiungo kibovu ni jiko dogo. Viungo vyote vitabanwa kwa koleo la kubania na kufunikwa. Hakuna kusokota kwa vidole na kufunga utepe. Ni nyuzi nyingi nyembamba ndizo zitakazotumika, si waya mmoja mgumu, kwa kuwa ule mgumu hukatika kwa kutikisika. Kila hatua moja waya utashikwa na kibano. Na kila tundu la bati, hata kama ni dogo, hata kama hakuna anayeliona, litatiwa mpira. Nimenunua mipira 30 kwa fedha zangu mwenyewe. Matundu tuliyohesabu ni 14. Nataka ibaki.

Fyuzi. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya kulinda taa, huwekwa kulinda waya. Fyuzi kubwa ya ampea 30 itakaa karibu na betri, si zaidi ya shubiri moja kutoka ncha ya waya mwekundu. Kwa nini karibu hivyo? Kwa sababu sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi. Katika trela ile iliyoungua fyuzi yangu ilikuwa mlangoni, karibu na swichi, mahali pazuri pa kuifikia. Hata bila karatasi ya sigara, waya ukikatwa ngozi kabla ya kufika mlangoni, fyuzi ingebaki nzima na nyumba ikaungua. Nilikuwa nimeweka askari nyuma ya mwizi. Ndani ya sanduku, taa zitakuwa na fyuzi ya ampea 5, na simu ya ampea 10. Kando ya mlango kutatundikwa kopo lenye fyuzi za akiba, kumi za kila kiasi, na daftari. Fyuzi ikiungua huandikwa tarehe, saa, na taa zipi zilikuwa zikiwaka. Ikiungua ya pili ile ile, hakuna ya tatu mpaka sababu ipatikane. Watu watakaa gizani usiku mmoja. Giza halijapata kuunguza godoro.

Kuna habari ya lori. Wengi wameniuliza kwa nini tusichukue stima ya lori linalovuta trela, tukaachana na sola. Lori letu ni la volti 24, betri mbili zimefungwa moja nyuma ya nyingine. Mtu akiunga taa ya volti 12 kwenye volti 24 atapata mwanga wa ajabu kwa muda mfupi sana. Tena asichukue betri moja tu kati ya zile mbili. Hiyo itanyweka wakati mwenzake amejaa, na kwa kuwa huchajiwa pamoja, zote mbili zitaharibika, na asubuhi lori halitawaka, na sisi tutakuwa tumekaa porini na taa nzuri.

Ndugu mmoja aliuliza habari ya birika la stima na pasi. Birika la wati 2000 kwa volti 12 lahitaji ampea zaidi ya 160, na waya mnene kama kidole. Haiwezekani. Na wale wanaotaka inveta ili waangalie mpira: inveta huigeuza volti 12 kuwa 240, na hapo umeleta ndani ya bati ile stima inayoua. Tawi halikuinunua, nami sikuitaka. Chai itapikwa nje kama zamani. Jiko la makaa lisiingizwe ndani kwa kuotea moto, hasa kwenye baridi ya Timboroa, maana moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Mzee wetu mmoja alisimama mkutano uliopita akauliza: trela ni mali ya mwenye kazi, kwa nini wafanyakazi wachange? Swali lake lilikuwa la haki na halikujibiwa vizuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba wajibu wa kulinda usalama wa watu mahali pa kazi ni wa mwenye mahali hapo. Tena mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Katibu amekwisha kuandika barua. Ruhusa ya kutoboa matundu na kufunga vyombo tumeipata kwa maandishi, fedha bado. Kwa hiyo michango yenu imeandikwa kuwa ni mkopo wa wanachama, risiti zote anazo Mweka Hazina, na madai yatapelekwa kwenye kamati hiyo pamoja na hesabu hii niliyowasomea. Tungeweza kungoja jibu. Lakini gengi linatoka mwisho wa mwezi, na taa za mafuta zimo ndani ya trela sasa hivi, zikining'inia juu ya magodoro.

Kuna jambo moja nimelitenda ambalo halikuwa katika ajenda. Barua ile ya Katibu ilipokwenda, niliambatisha karatasi yangu kuhusu moto wa miaka ile, ya kwamba chanzo kinajulikana, na ni nani aliyekijua. Sijui itanifikisha wapi. Bwana Mwenyekiti aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nimefikiri. Kamati haiwezi kudai fyuzi na mipira ya matundu kwa nguvu kama karatasi zake zote zinasema kwamba moto huja wenyewe.

Kazi itafanywa Jumamosi ijayo kuanzia saa mbili za asubuhi, nyuma ya karakana. Nahitaji watu wanane. Wawili wa sanduku la betri, wanne wa waya, wawili wa paneli juu ya paa, nao wawe wepesi, kwa maana bati lile ni chakavu. Mje na bisibisi, koleo, na kisu cha kuchunia waya. Betri haitaungwa mpaka kila tundu limekaguliwa na kila waya umevutwa kwa mkono kuona kama umeshika. Fyuzi kubwa haitatiwa na mimi. Nimemwomba yule mwenzetu mwenye alama kiganjani, naye amekubali, kwa sharti kwamba atapitisha kidole chake katika matundu yote 14 kabla hajaitia, na akikosa mpira katika tundu hata moja, atakwenda zake nyumbani na fyuzi mfukoni.